Wenzetu wanaikataa gesi, sisi tuikimbilie?

NYUMBANI kwetu Tabora mtungi wa kilo sita una kazi moja: chai ya asubuhi. Maharage na kande vinasubiri jiko la mkaa. Mama anasema mkaa unauzwa hata kwa kopo, gesi haikopeki kidogo kidogo.

Sasa amepata sababu nyingine. Ametumiwa ujumbe kwenye simu kuwa Wazungu wanapiga marufuku majiko ya gesi kwa sababu yanaleta pumu. Mjukuu wake wa miaka mitatu kifua humbana. Ananiuliza: mbona Serikali inatuhimiza tuitumie?

Ujumbe huo ni nusu ya ukweli. Mwaka 2019 mji wa Berkeley, Marekani, ulizuia mabomba ya gesi katika majengo mapya, kisha mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaupinga uamuzi huo. Ni kweli kuwa gesi ikiwaka hutoa naitrojeni dayoksaidi, hewa inayoudhi mapafu ya mtoto, hasa jikoni kukifungwa.

Lakini wenzetu wanalinganisha gesi na umeme. Sisi tunailinganisha na mkaa na kuni, ambavyo chembechembe zake za moshi ni nyingi mno kuliko za gesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mkaa huohuo unamaliza miombo, misitu iliyopitwa na misafara ya Ujiji na Bagamoyo. Ndiyo maana mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Mzazi, fanya haya:

• Jiko lolote liwalo, fungua dirisha na mlango unapopika.

• Usilale na jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

• Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi wala kiberiti. Gesi hutuama chini.

• Loweka maharage usiku kucha, mtungi udumu.

• Mtoto akitoa mlio kifuani, mpeleke kituo cha afya.

Mama hajaacha mkaa, ila jiko limehamia uani, chini ya mwembe. Juzi maharage yaliyolowekwa yameiva kwenye gesi. Anahesabu siku kuona kama mtungi utafika mwisho wa mwezi.