Rekodi za Ukarimu Kagera: Kutoka Bweranyange hadi Jumba la Kanazi

Mtu akitaja jumba la kale lililokarabatiwa likawa nyumba ya kifahari ya kulala wageni, Mtanzania huwaza Mji Mkongwe wa Zanzibar, na Mkenya huwaza Nairobi na twiga wanaochungulia dirishani wakati wa chai. Bukoba na Muleba hazimjii mtu akilini. Naona ni dhuluma, kwa sababu ukipanga rekodi za kumkirimu mgeni katika Afrika Mashariki nzima, kadhaa za juu kabisa ziko upande huu wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Nimezikusanya hapa pamoja na chache za majirani, tupate kujipima. Nina hoja moja: Kagera ina majumba na ina desturi ya kukaribisha. Kilichobaki ni kuweka kitanda ndani ya nyumba kongwe na kuipa nyumba hiyo kazi.

Mgeni aliyekaa muda mrefu

Kwa maoni yangu nafasi hii ni ya James Augustus Grant, Mskochi aliyeingia ufalme wa Karagwe pamoja na John Hanning Speke mwezi Novemba 1861. Mukama, yaani mfalme, Rumanyika aliwapokea katika makao yake ya Bweranyange. Januari 1862 Speke akashika njia ya Buganda. Grant hakuweza kumfuata: mguu ulikuwa umeharibika kwa kidonda, hata kusimama ilikuwa kazi. Akabaki kwa mwenyeji wake hadi Aprili, na siku ya kuondoka alibebwa kwenye machela. Ni miezi mitano hivi ya mgeni mmoja, tena mgonjwa, mwenye lugha na mila nyingine, ambaye hakuna aliyejua kama atapona.

Watu wa hapo walimjaribia dawa zao. Jamaa za mfalme walimtembelea. Alichora, akaandika juu ya mimea, mifugo na ngoma, na mwaka 1864 akachapisha kitabu cha safari hiyo ambacho sehemu yake kubwa ya utulivu ni Karagwe. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye akapita, akampata Rumanyika yuleyule, bado ni mwenyeji. Hapo jirani, Kafuro, wafanyabiashara Waarabu walikuwa wamekwisha kujenga na kukaa.

Najua Bweranyange iko Karagwe, si Bukoba wala Muleba. Lakini ukoo wa Bahinda uliotawala Karagwe ndio uliotawala pia Ihangiro, ambayo leo ni Muleba, na Kihanja, ambayo ni sehemu ya Bukoba Vijijini. Adabu ya kumpokea mgeni ilikuwa moja, na yeyote aliyewahi kuketishwa kwa wazee wa Buhaya, nchi ya Wahaya, akaletewa buni za kutafuna kabla hajaulizwa shida yake anaijua adabu hiyo. Buni hizo huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha hutolewa ndani ya kichombo kidogo cha kusukwa. Mgeni huchukua chache, anatafuna, mazungumzo ndipo yanaanza. Hakuna hoteli ya nyota tano ninayoijua yenye mapokezi yaliyopangwa vizuri kuliko hayo.

Nyumba iliyofikiriwa kuliko zote

Hapa sina mashaka: ni mushonge. Ni nyumba ya duara ambayo paa na ukuta ni kitu kimoja, nyasi zinashuka kutoka kileleni hadi zinagusa ardhi. Ndani kuna nguzo, vizuizi vya matete, moto wa kuni, na sakafu iliyotandikwa nyasi safi. Zamani hata ng'ombe walikuwa na upande wao. Ukitoka jua la saa saba ukainama mlangoni, ubaridi unakupokea mara moja.

Ubora wake hauko kwenye umbo peke yake. Moshi wa jiko hupanda kwenye nyasi, ukafukuza wadudu na kuikausha paa kila siku. Maana yake, mushonge inayokaliwa hudumu, na mushonge iliyofungwa huoza. Ukweli huo ndio ninaoutaka utawale mjadala mzima wa majumba ya kale: nyumba hutunzwa na watu wanaolala ndani yake. Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam yana nyumba ya Wahaya miongoni mwa nyumba za makabila mbalimbali, na ni jambo jema, lakini mtu anaitazama dakika kumi kisha anaenda zake. Nyumba hiyo ilijengwa ili mtu aamke humo.

Kwa ukubwa, ukoo huu wa nyumba za nyasi za maziwa makuu una bingwa wake Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu la makaburi ya Kasubi, lilijengwa mwaka 1882 kama jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza, na alipofariki mwaka 1884 likawa kaburi lake. Kipenyo chake cha nje ni mita 31 na kimo chake ndani ni mita 7.5. Pete 52 zilizosukwa ndani ya paa zinawakilisha koo 52 za Baganda, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo mmoja tu, Ngeye. UNESCO iliorodhesha Kasubi kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukaliteketeza jengo. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kulirudisha, na mwaka 2023 likatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba ujenzi upya uliwezekana kwa sababu bado kulikuwa na watu waliojua kusuka paa hiyo. Fedha bila mafundi hao zisingefua dafu. Buhaya nako mafundi wa mushonge bado wako, ila wanazeeka.

Jumba lenye sababu nyingi za kufufuliwa

Kanazi. Ni kusini mwa mji wa Bukoba, makao ya Mukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa na nguvu kuliko watawala wengine wa Buhaya wakati wa Wajerumani. Hao ndio waliomjengea jumba la mtindo wao. Kulielewa jumba hilo kunahitaji kujua jambo moja la utawala. Mwaka 1906 Wajerumani walizifanya sehemu tatu tu za koloni lao lote la Afrika Mashariki kuwa maeneo yanayotawaliwa kupitia wafalme wenyeji: Rwanda, Urundi na Bukoba. Ndiyo maana kikale, yaani makao ya mfalme, cha Kihanja kilipata jumba la namna hiyo ilhali sehemu nyingine za nchi zilijengewa boma la askari. Jumba la Kanazi ni ushahidi wa mapatano kati ya mfalme na wakoloni, pamoja na faida na aibu zote za mapatano hayo.

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na majumba ya namna hii yakabaki bila kazi. Linganisha na Rwanda: kule Nyanza, jumba la kisasa la Mwami Mutara Rudahigwa limehifadhiwa kuwa makumbusho, na karibu yake ikajengwa upya nyumba ya nyasi ya kifalme, mgeni akaona zote mbili kwa safari moja. Kanazi inaweza kufanya hivyo, na ikazidi, kwa kumlaza mgeni.

Wageni waliovunja heshima

Tarehe 21 hadi 23 Juni 1915 jeshi la Waingereza lilitoka Kisumu kwa meli, likaivamia Bukoba. Lengo lilikuwa mtambo wa redio wa Wajerumani, na mtambo huo ukabomolewa. Baada ya ushindi askari wakaachiwa mji, wakaupora. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Mji ambao Emin Pasha alianzisha kituo chake mwaka 1890 ulikuwa na robo karne tu, ukapoteza siku hizo mali na majengo. Kila jengo la Kijerumani linaloonekana leo karibu na ufukwe, Duka Kubwa likiwemo, ni masalia ya mji uliokwisha kuonja vita. Lake Hotel, hoteli ya enzi za ukoloni iliyo karibu na maji, nayo inastahili kutunzwa kwa jicho hilo.

Adui mkubwa wa kuta

Si vita, ni maji. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mlangoni likisukuma unyevu kila usiku. Kwa jumba la kale, hiyo ni habari ya kwanza ya kuzingatia kabla ya mapazia na samani. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu huingia, unyevu hutoka. Ukizipaka saruji unaufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka ikiwa imebeba uso wa ukuta. Mabati na mifereji kwanza, chokaa baadaye, rangi mwisho.

Adui wa pili alikuja tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi za matofali mjini na vijijini. Shule ya sekondari ya Ihungo iliharibika vibaya, ikajengwa upya. Yeyote atakayegusa jengo kongwe Kagera lazima aanze na mhandisi wa kuchunguza nyufa.

Waliotutangulia

Zanzibar, Mmarekani Emerson Skeen alilifufua jumba la tajiri Tharia Topan pale Hurumzi, moja ya majengo marefu kabisa ya Mji Mkongwe, na mlo wa jioni juu ya paa lake ukawa mfano kwa hoteli nyingine. Mikindani, boma la Wajerumani la mwaka 1895 likawa hoteli. Nairobi, Giraffe Manor ilijengwa mwaka 1932, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1984, vyumba 12 tu, na ni miongoni mwa hoteli zinazopigwa picha zaidi barani. Njoro, kasri la Lord Egerton lilijengwa kati ya 1938 na 1954 likiwa na vyumba 52 kwa ajili ya mtu mmoja. Na onyo kali limetoka Zanzibar hiyohiyo: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883 iliporomoka wakati wa ukarabati, ikaua mafundi. Jengo lililosubiri muda mrefu mno huwa hatari hata kwa mkono unaokuja kuliokoa.

Malazi ya kuaminika Muleba

Hapa sifa iende kwa misheni. Wamisionari Wakatoliki walifungua Kashozi, misheni ya kwanza ya Buhaya, mwaka 1892. Kisha Muleba ikapata vituo kama Rubya na Kagondo, na Walutheri wakajenga Ndolage, juu Kamachumu ambako hewa ni baridi hata mchana. Vituo hivi vimezoea wageni: madaktari, walimu, mapadre, ndugu wa wagonjwa. Shuka ni safi, chakula kinatoka shambani. Si anasa, lakini atakayefungua nyumba ya kifahari Muleba akaajiri watu waliojifunza kazi huko atakuwa ameokoa miaka ya mafunzo.

Ningepewa kupanga, ningeanza Kanazi kwa makubaliano ya maandishi na ukoo wa Kihanja kuhusu vyumba vipi ni vya wageni na vipi havikanyagwi. Jumba lenyewe lingebaki na sebule, maktaba na vyumba vichache vyenye choo na bafu ndani. Nje, katikati ya migomba ya kibanja, shamba la nyumbani, ningejenga mushonge kwa mikono ya wazee wanaojua, kila mmoja akiwa na vijana wawili wa kumfuata kwa mshahara. Moto ungewashwa humo kila jioni, mgeni awepo asiwepo. Asubuhi meza iwe na ndizi na maharage, samaki wa ziwani, senene msimu wake ukifika, na buni za kutafuna zitolewe kabla ya mtu yeyote kuulizwa jina lake mapokezi.