Kikohozi kikavu kisichoisha: tutafute chanzo

[MUZIKI WA KUFUNGUA, UNAPUNGUA TARATIBU]

MTANGAZAJI:  

Labda wewe, au mtu mnayelala naye chumba kimoja, anakohoa kila usiku. Hatoi makohozi, ni kikohozi kikavu tu. Amekunywa tangawizi na limau, amekunywa dawa ya maji, amemalizia na vidonge alivyopewa na jirani. Wiki zinapita, mbavu zinauma, kikohozi kiko palepale.

Msikilizaji, kikohozi ni dalili. Dawa ya kikohozi hutuliza koo, lakini kilicholeta kikohozi kinabaki. Na vile vidonge vya jirani vilitolewa kwa ugonjwa wake yeye. Kwa hiyo leo tujiulize maswali matatu ya kutusaidia kupata chanzo.

Swali la kwanza: kikohozi kimeanza lini? Baada ya mafua makali, kikohozi kikavu kinaweza kubaki wiki kadhaa hata kama homa imeisha. Lakini huwezi kujua kwa kusikiliza tu kwamba ni mabaki ya mafua. Kikifika wiki 2, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu, yaani TB. Ukiwa unaishi na virusi vya UKIMWI, usingoje wiki 2. Nenda mara kikohozi kinapoanza.

Wengi hudhani TB lazima ilete damu. Hapana. Inaweza kuanza na kikohozi kikavu. Mweleze mhudumu kama unapata homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha nguo, kama umepungua uzito, au kama uliishi na mgonjwa wa TB. Ukiombwa makohozi, usitoe mate. Vuta pumzi ndefu, kisha kohoa kutoka ndani ya kifua. Asubuhi, kabla ya kula, hupatikana kwa urahisi zaidi. Yakikosekana kabisa, sema hivyo. Kuna njia nyingine za kuchunguza, kama picha ya kifua.

[MUZIKI MFUPI]

Swali la pili: kikohozi kinakuja wakati gani, na ukiwa wapi? Kikizidi unapopika ndani kwa kuni mbichi, moshi unahusika. Pikia nje au mahali penye hewa, tumia kuni zilizokauka, na mtoto asikae karibu na mafiga. Kikikuamsha alfajiri, kifua kikabana na kutoa sauti kama filimbi, au kikianza kwa vumbi na baridi, huenda ni pumu. Pumu ina dawa zake za kuvuta. Kikija ukilala baada ya kula, pamoja na kiungulia na uchungu mdomoni, huenda ni asidi ya tumbo inayopanda kooni. Kula mapema, na usilale tumbo likiwa limejaa.

Swali la tatu: unatumia dawa gani? Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, captopril na lisinopril, huwaletea watu wengine kikohozi kikavu. Usiache dawa mwenyewe, maana presha ikipanda ni hatari. Chukua pakiti uende nayo kwa mhudumu. Anaweza kukubadilishia, na kikohozi hicho kwa kawaida huisha baada ya wiki chache.

Kwa mtoto, kumbuka kama alipaliwa na karanga, harage au punje ya mahindi kabla kikohozi hakijaanza. Au kama anakohoa mfululizo mpaka anatapika, huenda ni kifaduro. Mpeleke siku hiyohiyo.

Na mtu yeyote anayekohoa damu, anayehema kwa shida, mwenye maumivu makali ya kifua au midomo iliyogeuka bluu, asisubiri kesho.

Sasa tuseme lile ambalo watu husema kwa kunong'ona. Wapo wanaoficha kikohozi kwa sababu wanasubiri safari ya nchi ya tatu, wakiogopa kwamba wakikutwa na TB, majina yao yatafutwa. Msikilizaji, kifua hupimwa kabla ya safari, kwa hiyo kuficha hakusaidii. Anayekutwa na TB kwa kawaida husubiri atibiwe kwanza, kisha taratibu zake zinaendelea. Anayeficha huendelea kuugua, na anaweza kuwaambukiza watoto anaolala nao. Vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali Tanzania, Kenya na Uganda. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6, na wengi wanaomaliza dozi hupona.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kituoni, jiandae na majibu matatu: kikohozi kilianza lini, kinazidi wakati gani, na unatumia dawa gani. Kama huwezi kutembea mpaka huko, mwite mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lako. Wakati huo, funika mdomo kwa kitambaa au kiwiko unapokohoa, na acha mlango wazi hewa ipite.

Usingizi mwema kwako na kwa wote ulio nao nyumbani. Tukutane kipindi kijacho.

[MUZIKI WA KUFUNGA]