Usingoje Mtoto Alie Ndipo Umpe Dawa

Siku ya kwanza baada ya upasuaji wa mafindofindo na nyama za puani huwadanganya wazazi wengi. Dawa alizopewa mtoto hospitalini bado zinafanya kazi. Anaomba katuni, anakunywa juisi, nyumba nzima inashusha pumzi. Ikifika siku ya tatu au ya nne, anakataa kumeza hata mate. Anayaacha yamtiririke kidevuni, machozi yakimlengalenga.

Maumivu haya huweza kudumu wiki moja hadi mbili, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku hizo za mwanzo, dawa ifuate saa, isifuate kilio. Kwa kawaida parasetamo hutolewa kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku, na daktari anaweza kuongeza ibuprofeni. Ukingoja alie, koo limeshakauka na hiyo dawa yenyewe hawezi kuimeza. Kipimo hutegemea uzito. Mtoto wa kilo 16, kwa miligramu 15 kila kilo, anahitaji miligramu 240. Kwa sirapu yenye miligramu 120 katika mililita 5, hizo ni mililita 10. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo omba bomba la kupimia kwenye duka la dawa.

Kodeini usimpe kabisa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali baada ya watoto kufariki: miili ya baadhi ya watu huigeuza kodeini kuwa mofini haraka mno, na pumzi ikafifia mtoto akiwa usingizini. Watu wenye maumbile hayo ni wengi Ethiopia kuliko Ulaya, kwa hiyo onyo hili linatuhusu na sisi wa Afrika Mashariki. Aspirini nayo iache.

Mpe maji kidogo kidogo, kutwa nzima. Uji uliopoa, mtindi, hata aiskrimu. Bibi akihofia baridi, mtulizeni, haimdhuru. Akilalamika sikio, mara nyingi ni maumivu ya koo yanayopitia mshipa wa fahamu unaohudumia koo na sikio. Utando mweupe kooni si usaha, ni kidonda kinachopona.

Damu mbichi ni jambo jingine. Hata ikiwa kidogo, hata siku ya nane, au ukimwona anamezameza usingizini, mpeleke hospitali usiku huohuo.