Filamu na mihadhara ya haki za binadamu vyuoni: nani husema baada ya taa kuwashwa?

Kila mwaka inapokaribia tarehe 10 Desemba, ambayo ni Siku ya Haki za Binadamu duniani, mbao za matangazo katika vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hujaa karatasi za kuwaalika wanafunzi kwenye filamu na mihadhara. Hakuna kiingilio, chai ipo, na baada ya filamu kutakuwa na mazungumzo. Wengi wenu mnaotusikiliza kutoka ughaibuni mmewahi kuketi katika kumbi hizo, na huenda baadhi yenu mmeombwa kupanda jukwaani kwa sababu tu mnatoka katika nchi iliyoonyeshwa. Leo tungependa kueleza desturi hii ina mizizi gani, inafanywaje, na kwa nini jambo linaloonekana dogo kama maneno ya tafsiri yanayopita chini ya picha limewahi kutajwa miongoni mwa sababu za kuipiga filamu marufuku.

Mizizi ya desturi hii ilianza kuota mahakamani kabla ya kufika chuoni. Tarehe 29 Novemba 1945, katika mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, viongozi wa utawala wa Wanazi wakiwa kizimbani, taa za ukumbi wa mahakama ya kimataifa zilizimwa, zikaachwa zile tu zilizowamulika washtakiwa nyuso zao. Kisha ikaonyeshwa filamu ya takriban saa moja, iliyokusanywa kutokana na picha ambazo majeshi ya nchi washirika yalizipiga yalipoingia katika kambi za mateso. Miongoni mwa waendesha mashtaka wa Marekani walioitanguliza filamu hiyo mbele ya majaji alikuwa Thomas Dodd. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba filamu haikuachwa iseme peke yake. Ilianza kwa viapo vya watu walioitengeneza, wakithibitisha kwamba picha hazikuchezewa, na nyaraka na mashahidi vikaifuata. Picha ilikuwa ushahidi, na ushahidi huhitaji mtu wa kusimama na kuulizwa maswali juu yake.

Karatasi za Dodd huyo leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, mjini Storrs, katika kituo chenye jina la ukoo wake kilichofunguliwa rasmi na Rais Bill Clinton tarehe 15 Oktoba 1995. Kwa hiyo mwanafunzi anayehudhuria mhadhara wa haki za binadamu chuoni hapo huwa hayuko mbali na masanduku yenye maandishi ya mtu aliyesimama Nuremberg siku ile. Hata hivyo, Storrs si pekee. Tamasha la filamu la shirika la Human Rights Watch lilianza mwaka 1988, lile la One World mjini Prague likafuata mwaka 1999, na filamu zilizopita katika matamasha kama hayo ndizo ambazo mara nyingi huishia katika kumbi za vyuo.

Ama kuhusu msingi wa kisheria, ibara ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataka elimu ielekezwe katika kuimarisha heshima kwa haki na uhuru wa mwanadamu. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulianza mpango wa dunia wa elimu ya haki za binadamu, na awamu yake ya pili, ya mwaka 2010 hadi 2014, ikavihusu hasa vyuo vya elimu ya juu.

Lakini kwa nini vyote viwili, filamu na mhadhara? Filamu humjulisha mtazamaji kwamba jambo limetokea, na humwonyesha uso wa yule lililompata. Haimwelezi jambo hilo ni kosa chini ya sheria ipi, nani ana mamlaka ya kulishtaki, wala kwa nini halijashtakiwa. Hayo ni ya mhadhiri. Na mhadhiri naye, akiwa peke yake na ibara zake, aghalabu huwahutubia wanafunzi waliokwisha kusadiki tangu kabla ya kuingia ukumbini.

Utaratibu wenyewe hauna siri kubwa. Waandaaji huomba kibali cha mwenye hakimiliki, kwani diski iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumbani hairuhusu kuonyeshwa hadharani. Huwaonya watazamaji mapema ikiwa kuna picha za kutisha. Kisha hualika jopo: mwanasheria, mtafiti, pengine mtengenezaji wa filamu mwenyewe. Kasoro ya kawaida ni kwamba mazungumzo hupewa dakika 20 baada ya filamu ya saa mbili, na msemaji wa kwanza huzimaliza karibu zote kwa kujitambulisha. Kasoro nyingine ni nzito zaidi, nayo ni kwamba walioonyeshwa katika filamu hawamo ukumbini. Wanaishi palepale walipopigwa picha, na yanayosemwa ugenini huwafikia.

Wasikilizaji wetu wa Tanzania watakumbuka vyema mfano wa Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa filamu yake Darwin's Nightmare, ambayo nyumbani ilijulikana zaidi kama filamu ya mapanki. Ilihusu samaki aina ya sangara wa Ziwa Victoria, ambao minofu yao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, huku mifupa na vichwa, yaani mapanki, vikibaki kwa maskini. Ilidokeza pia kwamba ndege hizo huenda zilileta silaha barani Afrika. Filamu ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani ikawa kama kitabu cha kiada juu ya dhuluma ya biashara ya dunia.

Mwezi Julai mwaka huohuo wa 2006, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu katika hotuba yake kwa taifa, akisema inaichafua nchi, na wakazi wa Mwanza wakaandamana kuipinga. Mwandishi wa habari Mtanzania aliyeonekana katika filamu hiyo alikamatwa, na uraia wake ukatiliwa shaka. Mtu anaweza kuitetea filamu ile au kuilaumu. Sisi tunaona kwamba swali lake juu ya nani anufaikaye na sangara lilikuwa la haki, na kwamba dokezo la silaha lilihitaji uthibitisho kuliko lilivyopewa. Lakini katika chuo cha Paris au Chicago, mtazamaji aliyetoka Mwanza ndiye ambaye angeweza kusimama na kusema ni yapi anayajua na yapi hayajui. Bila yeye, ukumbi mzima ulibaki na picha tu na hasira yake.

Mfano wa pili unatoka mashariki mwa Kongo, na unagusa lugha yetu moja kwa moja. Mwaka 2015 Mbelgiji Thierry Michel, akishirikiana na mwandishi wa habari Colette Braeckman, alitoa filamu ndefu juu ya Daktari Denis Mukwege. Jina lake la Kifaransa ni L'homme qui répare les femmes, yaani mtu anayewatengeneza wanawake. Daktari Mukwege, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999, nayo imewatibu maelfu kwa maelfu ya wanawake waliobakwa katika vita. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, mlinzi wake akauawa, naye akaondoka nchini na familia yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliuza matunda na mboga ili wachange nauli ya kumrudisha, na Januari 2013 akarudi. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraq.

Septemba 2015 serikali ya Kinshasa iliizuia filamu hiyo isionyeshwe nchini. Msemaji wake wakati huo, Lambert Mende, alidai kwamba imekusudia kulichafua jeshi la taifa, na kwamba maneno ya wanawake waliohojiwa yalitafsiriwa visivyo. Mwezi uliofuata marufuku iliondolewa.

Tulitafakari kidogo dai hilo la tafsiri, hata kama hatukubaliani na marufuku yenyewe. Wengi wa wanawake wa Kivu husimulia masaibu yao kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwao, ambacho si kile cha Unguja wala cha Mombasa. Mtazamaji wa Brussels husoma Kifaransa chini ya picha. Msomaji huyo hana budi kumwamini mfasiri, na mfasiri ana mistari miwili tu na sekunde chache. Mwanamke wa kijijini mara nyingi halitaji tendo kwa jina lake, bali hulizunguka kwa tafsida. Husita, huanza upya, husema "wale" bila kuwataja ni askari au waasi, kwa kuwa pale anaposimulia wote wanaelewa. Mfasiri akiandika "askari wa serikali", ameongeza jambo ambalo huenda ni kweli. Akiandika "watu wenye silaha", huenda amemkinga mwenye hatia. Haya si mambo ya ufasaha tu, kwa sababu mbele ya sheria tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kulishtaki jeshi na kumtafuta mtu asiyejulikana.

Ndiyo maana mwanafunzi ajuaye Kiswahili, akiwa katika ukumbi kama huo, anakuwa na kazi ambayo wenzake hawana. Anamsikia mwanamke mwenyewe kabla ya kuyasoma maandishi. Waandaaji wenye busara humpa nafasi ya kusema aliyoyasikia, na humwachia pia haki ya kukataa, maana si kila mtu aliyetoka Bukavu au Uvira anataka kuufungua msiba wake mbele ya watu wanaokunywa chai. Tumesikia waandaaji wakisema kwamba ushuhuda wa mtu aliye ukumbini una uzito kuliko filamu. Ni kweli, lakini uzito huo huubeba yeye.

Wapenzi wasikilizaji, kuna picha nyingine za Kongo ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya ukumbi wowote wa chuo. Katika kijiji cha Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, kuanzia mwaka 2013 watoto wa kike zaidi ya 40 walitekwa usiku majumbani mwao na kubakwa, na wengi wakapelekwa Panzi. Kesi ilipoanza mwezi Novemba 2017, mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu kwenyewe. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya waliowadhuru. Majaji walipokea mahojiano yao yaliyorekodiwa kwa video na wataalamu. Mashahidi wengine walivishwa mavazi ya kuwafunika mwili mzima, na sauti zao zikabadilishwa kwa mitambo. Tarehe 13 Desemba 2017 Frederic Batumike, mbunge wa bunge la mkoa aliyekuwa na kundi la wanamgambo lililoitwa Jeshi la Yesu, alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na wafuasi wake kadhaa. Kosa lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, lilelile lililotajwa katika mashtaka ya Nuremberg.

Rufaa yao ilikataliwa Julai 2018. Mahakama ilikuwa imeamuru fidia ya dola 5,000 kwa kila mtoto aliyebakwa, na ikakataa kuitwika serikali jukumu la kulipa. Miaka kadhaa baada ya hukumu hiyo, familia za Kavumu zilikuwa bado zinaisubiri fedha hiyo.