Ubadilishaji wa klachi ya gari

Ubadilishaji wa klachi ni kazi ya gereji ya kuondoa sehemu za klachi zilizolika katika gari la gia za mkono na kufunga mpya. Kwa kuwa klachi imefichwa kati ya injini na giaboksi, lazima giaboksi yote ishushwe kwanza, hata kama kilichoharibika ni beringi moja ndogo. Hapo ndipo swali la gharama huzuka. Giaboksi ikiwa tayari chini, fundi humshauri mwenye gari abadilishe na vitu vingine "kwa kuwa tumeshafungua", na baadhi ya vitu hivyo ni ghali kuliko klachi yenyewe. Makala hii inaeleza ni vipuri gani huhitajika kweli, kwa kuangalia hasa mazingira ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania.

Jinsi klachi inavyofanya kazi

Nyuma ya injini, kwenye ncha ya krankishafti, kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Kwenye uso wake hubanwa pleti ya klachi, yenye bitana za msuguano pande zote mbili. Kinachoibana ni presha pleti, ambayo ina springi yenye nguvu. Dereva akikanyaga pedeli, uma husukuma rilizi beringi, springi hulegea, na pleti huachiwa. Katika magari mengi nguvu ya mguu hupelekwa na mafuta ya breki kupitia silinda mbili: masta, iliyo karibu na pedeli, na slevu, iliyo upande wa giaboksi. Magari madogo mengi ya zamani hutumia kebo.

Pleti hulika pale inapoteleza, na kuteleza huko ni joto. Hesabu ndogo ya fizikia inatosha kuonyesha hilo. Gari la kilo 3,000 likiwa kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 linavutwa chini kwa nguvu ya takriban nyutoni 3,000. Dereva akilishikilia hapo kwa klachi badala ya breki, huku injini ikizunguka kwa kasi ambayo ingelisogeza mita 2 kwa sekunde, joto linalozalishwa kwenye pleti ni kama wati 6,000. Hiyo ni sawa na pasi sita za umeme za wati 1,000 zilizowashwa pamoja ndani ya kasha moja la chuma.

Mbinga na Nyasa

Mji wa Mbinga uko kwenye nyanda za juu za Wamatengo, wakati uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni kilomita zisizofika 70, na gari hushuka mamia ya mita. Gari linalorudi na mzigo wa dagaa au mchele huzipanda mita zote hizo. Lami imepunguza taabu ya njia kuu. Lakini kahawa hailimwi kando ya lami. Iko kwenye vilima vya ngoro, na njia za kuifikia ni za udongo unaoteleza wakati wa masika. Land Cruiser, Hilux na Canter zinazofanya kazi hiyo huanza mwendo mlimani mara nyingi kwa siku, zikiwa zimejaa.

Kipuri kisichopatikana Mbinga hutafutwa Songea, na kikikosekana huko huagizwa Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 1,000, kije kwa basi. Kwa hiyo kosa la kuchagua vipuri lina hasara pande zote mbili. Aliyenunua flaiwili asiyoihitaji amepoteza fedha. Aliyeacha sili ya bei ndogo iliyokuwa inavuja atalipa ufundi mara mbili, na huenda gari likalala katikati ya msimu wa kahawa.

Vipuri vinavyobadilishwa

Kigezo kizuri ni kuuliza: kipuri hiki kinafikiwa bila kushusha giaboksi? Kama kinafikiwa, hakuna haraka. Kama hakifikiwi, bei yake ipimwe dhidi ya gharama ya kushusha giaboksi kwa mara ya pili.

Pleti, presha pleti na rilizi beringi huuzwa pamoja kama seti, na inafaa zibadilishwe pamoja. Kununua pleti peke yake huonekana nafuu, lakini springi ya presha pleti iliyochoka au kuungua haiwezi kuibana pleti mpya sawasawa. Beringi ndogo ya katikati ya krankishafti, katika magari yaliyo nayo, ni ya bei ndogo na haifikiwi kwa njia nyingine. Ibadilishwe bila mjadala.

Flaiwili ndiyo inayoleta ubishi mwingi. Flaiwili ya kawaida ni kipande kimoja cha chuma, kama ile ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, na mara nyingi huishi kuliko klachi kadhaa. Uso wake ukiwa laini na bapa, husafishwa tu na kurudishwa. Ukiwa na mifereji, madoa ya buluu ya kuungua au nyufa nyembamba za juujuu, hupelekwa kwa fundi wa kuchonga chuma asawazishe uso bila kuvuka kipimo cha mtengenezaji. Mpya huhitajika nyufa zikiwa zimezama au zimefika kwenye matundu ya bolti, au chuma kikiwa chembamba kupita kipimo. Meno ya pembeni yanayoshikwa na stata yakilika, katika magari mengi pete hiyo ya meno hubadilishwa peke yake.

Hali ni tofauti kwa flaiwili ya vipande viwili vyenye springi katikati, ambayo ilianza kutumika kwenye magari miaka ya 1980 na sasa iko katika magari mengi ya dizeli. Hiyo kwa kawaida haichongwi. Fundi huizungusha na kuitikisa kwa mkono, kisha hulinganisha uchezaji wake na kipimo cha kiwanda. Ikizidi kipimo, hakuna njia ya mkato, ingawa bei yake huumiza.

Sili ya nyuma ya krankishafti na sili ya mbele ya giaboksi huhitaji jicho. Pleti ya zamani ikitoka na oili, sili inayovuja lazima ipatikane na kubadilishwa, la sivyo pleti mpya italowa vilevile. Palipo pakavu, sili ya giaboksi inaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo. Ile ya krankishafti, kwa maoni ya mwandishi, iachwe kama ni kavu na haijakauka kwa uzee, maana sili mpya iliyogongwa vibaya huvuja kuliko kuukuu iliyotulia.

Slevu iliyo nje ya giaboksi hubadilishwa siku yoyote ikianza kuvuja, na masta vivyo hivyo. Lakini slevu iliyo ndani, iliyounganishwa na rilizi beringi, ibadilishwe sasa. Uma huangaliwa kama umepasuka au umelika mahali pa kuegemea.

Beringi na gia za giaboksi hazihusiki na klachi, ila kama kuna dalili. Injini ikiwa inanguruma na gia ikiwa huru, kelele inayotokea pedeli ikikanyagwa kwa kawaida ni ya rilizi beringi. Inayosikika pedeli ikiachiwa na kutoweka ikikanyagwa mara nyingi hutoka giaboksi. Jaribio hili hufanywa kabla ya kufungua chochote.

Kukagua na kununua

Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa kipuri kinachodaiwa kuwa kibovu na kupewa vya zamani. Kabla ya kulipa, idadi ya meno ya katikati ya pleti na kipenyo chake vilinganishwe na ile iliyotolewa, kwani modeli moja ya gari huweza kuwa na saizi zaidi ya moja. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, na ubora wa bidhaa na Shirika la Viwango Tanzania, lakini dai lisilo na risiti ni gumu kulifuatilia.

Vumbi la klachi lisipulizwe kwa upepo. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na kwa kuitazama tu fundi hawezi kuitofautisha na bitana isiyo nayo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana pande, na katika kilomita mia chache za mwanzo gari lisibebeshwe mzigo mzito mlimani.