Jina la Ukoo la De Souza Afrika Mashariki: Asili, Mtawanyiko na Funzo Lake kwa Usajili wa Kasese na Bwera

Makala haya yanachunguza asili na mtawanyiko wa jina De Souza katika Afrika Mashariki ili kujibu swali linalowahusu pia wasajili wa Kasese na Bwera: je, jina lililoandikwa kwenye nafasi ya jina la ukoo huthibitisha nasaba ya mwenyewe?

De Souza lilianza kama jina la mahali. Sousa ni mto wa kaskazini mwa Ureno unaomwaga maji yake katika mto Douro, na jina lake maana yake ni "wa Sousa". Tahajia yenye z ni ya zamani. Ureno iliiacha kufuatia mageuzi ya tahajia ya mwaka 1911, ilhali Wagoa wengi wameihifadhi.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Walituachia maneno kama meza, leso na gereza. Hata hivyo, akina De Souza tunaowajua kwa jumla hawakutokana nao, bali walitoka Goa, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, iliyotawaliwa na Ureno kuanzia 1510 hadi 1961. Huko, wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya mapadri au ya wasimamizi wao wa ubatizo. Enzi ya Waingereza, wazao wao walikuja Afrika Mashariki kama makarani, washonaji na wapishi, wakakaa hasa mijini: Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala na Entebbe. Fitz de Souza, wakili na naibu spika wa Bunge la Kenya katika miaka ya 1960, alikuwa Mgoa. Nchini Uganda, amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia iliwatawanya wengi wao hadi Uingereza na Kanada.

Basi anayewahesabu akina De Souza kuwa Wareno amekosea. Naye anayewatafuta Wagoa kwa majina ya Kireno pekee atampita Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, ambaye baba yake Mgoa aliitwa Zuzarte na mama yake alikuwa Mmaasai.

Kosa hilohilo hutunyemelea Kasese. Miongoni mwa Wakonzo, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Kitambulisho cha taifa kinapoliweka jina hilo kwenye nafasi ya jina la ukoo, maana yake hugeuka. Kwa kawaida, Baluku wawili si watoto wa baba na mama mmoja, bali Baluku na Bwambale huenda wakawa ndugu. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, kwa Wanande, Baluku huwa Paluku na Bwambale huwa Kambale. Tofauti hiyo ya tahajia peke yake haimfanyi mtu kuwa mgeni.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, undugu uthibitishwe kwa majina ya wazazi wote wawili na mahali pa kuzaliwa, hasa katika mirathi na huduma za watoto. Pili, wasajili wa maeneo ya mpakani wapewe orodha ya majina ya Kikonzo na Kinande yanayolingana. Tatu, watafiti wasikadirie idadi ya kabila lolote kwa majina pekee. Jina ni ushahidi wa desturi iliyolitoa; nasaba huhitaji ushahidi wake.