Ultrasaundi Safi, Maumivu Palepale

Mwanamke anayeumwa tumbo la hedhi hadi kushindwa kusimama huambiwa avumilie, ndio uanamke, akishazaa litaisha. Akienda hospitali na ultrasaundi ikatoka safi, huongezewa jingine: "Una mawazo tu." Lakini endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, mara nyingi haionekani kwenye ultrasaundi ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata takriban wanawake na wasichana milioni 190, yaani asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Wengi hukaa miaka kadhaa bila kuujua.

Miaka hiyo haipiti bure. Maumivu yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na kwa baadhi ya wagonjwa mfumo wa fahamu huwa mwepesi kushtuka, kama king'ora cha gari kinacholia paka akipita. Kibofu kikijaa tu, tayari anaumwa. Ndiyo maana wapo wanaofanyiwa upasuaji, tishu zikaondolewa, na bado maumivu yakabaki.

Akikesha leo, kesho ataumia zaidi. Tarehe zikikaribia, hofu humkaza misuli ya nyonga, na misuli iliyokazwa huleta maumivu yake yenyewe. Tendo la ndoa linageuka mateso asiyoweza kumweleza mume, achilia mbali mawifi. Anajitenga, sonona inaingia. Mawazo yapo, sikatai. Ila kwa wengi yalikuja nyuma ya maumivu, kisha yakaanza kuyachochea.

Baadhi ya maumivu sugu hutibiwa kwa dozi ndogo ya amitriptilini, dawa ya sonona, kwa kuwa serotonini na noradrenalini zinahusika na hisia na pia na maumivu. Mgonjwa asipoelezwa, akisoma karatasi ya dawa hudhani ameonekana kichaa, anaitupa. Kosa hilo ni letu wataalamu. Tiba ya kisaikolojia nayo humsaidia kupunguza hofu, kupanga shughuli na kurudisha usingizi. Haichukui nafasi ya dawa za homoni wala ya upasuaji.

Mama, kama binti yako anakosa shule kila mwezi, andika siku anazoumwa na kinachomshinda kufanya, umpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Usimsubirishe mpaka aolewe.